Tangazo la Tatu

"Kocha, dada anaolewa."

Gaudensi alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli, anapaka grisi kwenye cheni. Hakuinua kichwa.

"Dada yupi?"

"Kwani mimi nina madada wangapi? Theodosia."

"Mh. Na nani?"

"Wendelin, yule wa reli, wa kule Mlimba. Jana kanisani wamesoma tangazo la pili la ndoa yao." Fidel akamtazama vizuri, macho yakamtoka. "Kocha, ina maana ulikuwa hujui? Mji mzima unajua!"

"Najua, najua," Gaudensi akadanganya. "Hebu panda, nenda nayo mpaka barabarani urudi, nisikie kama bado inalia."

Fidel akapanda, akaondoka. Gaudensi akabaki palepale na vidole vyake vyeusi. Hakujua lolote. Angejulia wapi? Kila Jumapili, wakati Ifakara nzima iko misani, yeye yuko barabara ya kwenda kijiji cha Mbingu na timu yake. Mwanamke aliyempenda ametangazwa kanisani mara mbili, na hakuna hata mtu mmoja aliyepita kumwambia.

Basi jamani, huyu Gaudensi mumjue. Zamani kidogo, Ifakara hapakuwa na kichaa wa pikipiki kama yeye. Jioni vijana walishindana kutoka sokoni hadi kivukoni, katikati ya watu na mbuzi, wazee wakiwatukana mpaka koo likauke. Mbele yupo Gaudensi, na nyuma yake kwenye kiti yupo Theodosia, anacheka kwa sauti kuliko hata injini. Siku moja akakutana na trekta kwenye kona. Bahati nzuri siku hiyo hakumpakia Theodosia. Mguu wa kulia ukavunjika vibaya, na alipotoka hospitali alikuwa anachechemea. Theodosia alimletea uji wodini kila asubuhi. Na yeye badala ya kumshukuru akaanza kumkwepa. Alijiambia: ananihurumia tu huyu, nani anamtaka kiwete? Hakumuuliza. Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, akaumia mwenyewe.

Pikipiki akauza. Akakusanya vijana wa Katindiuka wanaobeba magunia ya mpunga kwa baiskeli, akawafanya timu. Miguu ilikuwa yao, akili ikawa yake. Alijua wapi barabara ina mchanga, wapi upepo unapiga kifuani, nani ajifiche nyuma ya nani. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: usichomoke mapema. Tulia kwenye kundi, waache wenzako wajimalize, subiri niamue. Timu ikawa inawagaragaza mpaka wale vijana wa mashamba ya miwa. Wakimaliza kushangilia, kila mtu anarudi kwao. Gaudensi anarudi kwenye chumba chake, anawasha redio ili nyumba iwe na sauti ya mtu.

Kesho yake akamfuata Theodosia shambani. Akamkuta anapepeta mpunga, kanga kiunoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Hodi huku."

"Karibu. Fidel hayupo."

"Sikumfuata Fidel."

"Eh! Makubwa haya." Akaendelea kupepeta. "Haya, sema."

"Nimesikia habari za Mlimba."

"Leo ndiyo umesikia? Zimeshasomwa mara mbili."

"Nilikuwa mazoezini."

"Najua. Wewe uko mazoezini tangu nikiwa msichana."

Gaudensi akahamishia uzito kwenye mguu mzima. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, sasa yote yamemkimbia.

"Ni mtu mzuri, huyo Wendelin?"

"Mzuri sana. Ana kazi, ana heshima. Halafu anaongea, Gaudensi! Alinitazama usoni akasema nakupenda, nataka nikuoe. Wiki hiyohiyo mshenga yuko kwa baba. Wengine tumewasubiri mpaka tumechoka."

Hapo sasa. Hata mimi ninayesimulia natamani kumsukuma mgongoni. Mlango umefunguliwa wazi, bwana, ingia!

"Basi," akasema Gaudensi, "hongera."

Ungo ukashuka taratibu.

"Umesemaje?"

"Nimesema hongera, Dosia."

"Umetembea na huo mguu, jua lote hili, kuja kunipa hongera?"

"Sasa ulitaka nisemeje?"

"Nenda. Nenda kwa baiskeli zako, unanizibia upepo."

Akaondoka. Nyuma yake alisikia ungo umeanza tena, kwa nguvu, kama vile mpunga ndio uliokosa.

Siku mbili zikapita. Timu ilikuwa inapumzika barazani kwa Mama Digna, duka pekee la mtaa ule lenye simu, mara Mama Digna akatoa kichwa dirishani.

"Gaudensi! Simu yako. Ni sauti ya kike."

Vijana wakapiga miluzi. Gaudensi akaingia, akashika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Haloo?"

"Ni mimi. Niko posta, watu wamejipanga nyuma yangu, kwa hiyo usinikatishe. Jumapili ni tangazo la tatu, baada ya hapo ni harusi. Nina swali moja tu. Wakati wanalisoma, wewe utakuwa wapi?"

Vijana wote walikuwa wametega masikio. Gaudensi akajifuta jasho.

"Jumapili... Jumapili si ndiyo Sabasaba, Dosia? Kuna mashindano. Nitakuwa darajani, huku kabla ya Mbingu. Nisipokuwepo pale, Fidel hatajua achomoke wakati gani."

Huko posta mtu akasikika akilalamikia foleni.

"Dosia? Unanisikia?"

"Nimekusikia vizuri sana."

Simu ikakatwa. Gaudensi akabaki ameishika vilevile.

"Samahani, baba," akasema Mama Digna, "duka langu dogo, nimesikia yote. Hivi wewe una akili timamu? Mwanamke anatoka kwao mpaka posta kukuuliza utakuwa wapi, unamjibu darajani?"

"Mama Digna, timu inanitegemea."

"Timu itakufunika shuka ukiumwa malaria?"

Gaudensi alirudi chumbani kwake, akakaa kitandani, na hata redio hakuiwasha. Alimwona Theodosia kwenye behewa la kwenda Mlimba na masanduku yake, akajiona yeye mwenyewe mzee, amesimama barabarani anawapungia mikono watoto wa watu. Akalia. Ndiyo, alilia, mwanaume mzima, na hapakuwa na mtu wa kumwambia nyamaza.

Jumamosi akamwita Fidel pembeni.

"Kesho sitakuwa darajani."

"Unaumwa, kocha?"

"Naenda misani."

Fidel akacheka. Halafu akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka.

"Ni dada?"

"Ni dada yako, ndiyo. Ukinichukia una haki."

"Nikuchukie kwa lipi? Pale nyumbani mimi ndiye ninayeulizwa kila jioni kocha amekula, kocha mguu unamuuma. Nimechoka kuulizwa!" Akakwaruza chini kwa kiatu. "Lakini kocha, mimi sasa nitachomokaje? Nani ataniambia?"

"Utajiambia mwenyewe. Sikiliza pumzi za wenzako. Ukiona wanahema kwa mdomo na wewe bado pua inakutosha, ondoka. Usigeuke nyuma."

"Kila siku unatuambia tusiwahi."

"Kuwahi ni kubaya. Kuchelewa nako kubaya, ila hilo sikuwafundisha, maana mwenyewe nilikuwa silijui."

Jumapili kanisa lilijaa. Gaudensi alikaa benchi la mwisho, na shati lake jeupe lililomkaba shingoni. Aliwaona mbele: Theodosia upande wa wanawake na mama yake, Wendelin upande wa pili amekaa wima na suti ya kijivu, pembeni yake Mzee Fulgence, baba wa binti. Baada ya komunyo katekista akasogea na karatasi zake.

"Tangazo la tatu na la mwisho. Wendelin, wa Mlimba, anatarajia kufunga ndoa na Theodosia, binti wa Fulgence, wa Katindiuka. Mwenye kujua kizuizi chochote atoe taarifa kwa paroko."

Sasa, kila Mkatoliki wa bonde hili anajua maana ya maneno hayo. Ukiwa na neno, unakwenda ofisini kimyakimya, mlango unafungwa, unasema. Hakuna anayesimama. Lakini Gaudensi Jumapili zake zote alizimalizia barabarani, taratibu alishazisahau. Akasimama.

"Mimi ninacho."

Kanisa zima likageuka. Katekista karatasi zikamponyoka. Padre akainuka taratibu kwenye kiti chake.

"Unacho nini?"

"Kizuizi, Padre."

"Mwanangu, mambo hayo huletwa ofisini."

"Sikujua, Padre. Ila nimeshasimama."

Watu wakaanza kucheka chinichini. Padre akawainulia mkono.

"Haya. Ni ndugu yako wa damu?"

"Hapana."

"Unajua ndoa nyingine iliyofungwa, yake au ya bwana huyu?"

"Hapana, Padre. Nampenda."

Weee! Kanisa lililipuka. Akina mama wa kwaya walijifunika midomo kwa vitabu. Padre peke yake hakucheka.

"Hicho si kizuizi," akasema kwa upole. "Kumpenda mtu hakumzuii kuolewa na mwingine. Kaa, mwanangu."

Gaudensi akakaa. Waliokuwa naye benchi moja wakajisogeza, akabaki na nafasi kulia na kushoto. Hakuwahi kujiona peke yake namna ile, hata wodini.

"Padre." Sauti ilitoka mbele. Theodosia alikuwa amesimama, mama yake anamvuta kanga.

"Na wewe binti? Nenda ukanisubiri ofisini."

"Nimesubiri sana, Padre. Kizuizi kipo. Ni mimi. Sitaki ndoa hii."

Hakucheka mtu.

Ofisini walikaa muda mrefu. Gaudensi alingoja nje kwenye kivuli cha ukuta, watu wakipita na kumkodolea macho. Wa kwanza kutoka alikuwa Wendelin. Akasimama mbele yake.

"Wewe ndiye wa baiskeli?"

"Ni mimi, bwana. Nisamehe."

"Bora nimejua kanisani kuliko ningejulia chumbani kwangu." Alitaka kutabasamu, midomo ikakataa. Akavaa kofia yake, akaelekea stesheni peke yake, suti imemkaa vizuri, hana wa kumsindikiza. Gaudensi alimwonea huruma kweli. Mwendo ule aliujua.

Theodosia akatoka, macho mekundu.

"Usijidanganye," akaanza yeye. "Sikumkataa kwa ajili yako. Nimemkataa kwa sababu ningemlaghai. Wewe hujaniomba kitu."

"Naomba sasa. Nilidhani unanihurumia, Dosia. Uji ule wote..."

"Mtu unayemhurumia unampelekea uji siku moja! Mimi nilikuja mpaka manesi wakanizoea. Huo ulikuwa uji wa huruma?"

"Nakupenda. Nimekaa peke yangu mpaka nimesahau kuongea na mtu. Nataka unioe... nikuoe, yaani."

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Ona hata hilo moja limekushinda."

"Kesho nitamtuma mshenga."

"Kesho? Umeanza tena? Baba yule pale. Leo nimemwaibisha mbele ya parokia nzima, na wewe ulinitangulia. Kwenda kwake tunakwenda leo."

Mzee Fulgence alikuwa amekaa kwenye benchi la uani, amewapa mgongo. Wakatembea, Theodosia akipunguza hatua kuifuata ya mwenzake. Gaudensi akapiga goti kwa shida, mguu mbovu ameunyoosha pembeni.

"Shikamoo, baba."

Mzee kimya. Hakuna kitu kizito katika nchi hii kama shikamoo isiyoitikiwa. Gaudensi akarudia.

"Shikamoo, baba."

Mara huko barabarani zikalipuka kelele, filimbi, vigelegele. Waendesha baiskeli walikuwa wanaingia mjini, na watu walikuwa wanaita jina moja: Fidel! Fidel! Gaudensi moyo ulimruka. Miaka yote alikuwa akiisubiri siku ya kushinda mbio za Sabasaba. Hakugeuka. Aliendelea kuutazama mgongo wa mzee.

Mzee Fulgence akainua kichwa, akasikiliza.

"Huyo wanayemwita ni mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

"Ameshinda?"

"Kwa kelele hizo, ameshinda."

"Hiyo ni timu yako."

"Ni yangu, baba."

"Na wewe uko hapa?"

"Niko hapa, baba."

Mzee akavuta pumzi ndefu. Hakugeuka, lakini alijisogeza kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.

"Marahaba," akasema.