Asilimia Themanini na Tatu

Foleni ya duka la kuchapa ilikuwa imefika mlangoni siku ile mchora ramani za nyumba, gauni lake la samawati likimkaa sawasawa, alipogeuka na karatasi zake ndefu akamgonga fundi kompyuta sikioni.

"Dada, hilo sikio bado nalitumia."

"Basi lisikie hili: samahani."

Wakacheka. Miezi mitano baadaye walikuwa wachumba, na fundi ndiye aliyemtengenezea kompyuta ya nyumbani.

Jumamosi moja alasiri, mchoraji alifunga kazi zote, akaangalia matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta ile. Asilimia themanini na tatu! Na hakuna kilichofunguliwa. Mwanamume wake wa zamani aliwahi kumpachikia programu ya upelelezi kwenye simu. Kila alikokwenda alimkuta anamngoja, anatabasamu. Alihama mtaa kulikimbia tabasamu lile. Na kompyuta hii imeguswa na mtu mmoja tu.

Akafuta picha. Akafuta video. Namba haikushuka. Akaifunika kamera kwa kitambaa, akatia komeo mlangoni.

Simu ikaita.

"Mpenzi, niko nje. Mbona komeo?"

"Umemweka nani ndani ya kompyuta yangu? Nimefunga kila kitu, na kumbukumbu imejaa asilimia themanini na tatu!"

Fundi alisikia meno ya mchumba wake yakigongana, naye akaogopa. Habari za yule mwanamume alizijua. Akiusukuma mlango, atafanana naye.

"Siingii. Nakaa hapa ngazini. Kwenye orodha ya programu zinazofanya kazi, bonyeza palipoandikwa kumbukumbu. Kinachokula nafasi kubwa kitapanda juu. Nisomee."

"Kivinjari. Lakini nimekifunga!"

"Kimebaki nyuma kinashikilia kurasa zako. Halafu?"

"Kinga ya virusi. Halafu vitu vidogo vidogo. Havifiki themanini na tatu, usinifanye mtoto! Nimefuta mpaka picha zetu, haishuki!"

"Picha ziko kabatini, mama. Kumbukumbu ni meza. Ukichoma kabati, meza inabaki vilevile. Na hiyo sehemu iliyozidi, kompyuta imejiwekea akiba ya vitu ulivyotumia asubuhi ili ukivitaka visichelewe. Ikibanwa, inaviachia."

"Nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini. Fungua mchoro wako mkubwa kuliko yote, uangalie penye akiba."

Akafungua ramani ya ghorofa sita. Akiba ikaporomoka mbele ya macho yake, mchoro ukachukua nafasi. Akavuta pumzi ya kwanza tangu alipoiona ile namba.

"Sasa badilisha nenosiri nililokuwekea," fundi alisema. "Mimi sitaki kulijua."

Komeo likalia. Fundi akaingia, shati limelowa jasho, akapita bila kumgusa, akasimama kuutazama ukuta.

"Usigeuke."

"Nimekuwa ukuta."

Mchoraji akaandika. Akakosea. Akaandika tena.

"Upo?"

"Nipo, mpenzi."

Alipomaliza, alimwendea, akaegemeza paji la uso mgongoni mwake. Moyo wa fundi ulikuwa unapiga mbio kuliko wake.