Kikohozi cha Mama Optatus

Mwezi wa Juni baridi ya Songea haina huruma. Mwaka ule wa 1993, wanafunzi wa darasa la sita wa shule moja ya Mjimwema walifagia uwanja kila asubuhi huku wakipuliza viganja. Leticia ndiye aliyewachekesha. Aliweza kumwigiza mtu yeyote, hata mwalimu mkuu, na sifa hizo zilikuwa zimeanza kumpanda kichwani.

Asubuhi moja Optatus, aliyekaa naye dawati moja, alirudi shuleni baada ya kumzika mama yake. Alivaa sweta la mtumba la marehemu, mikono ameikunja mara tatu. Hakusema na mtu. Leticia alimwonea huruma sana. Familia zao zilikuwa watani tangu enzi za mababu, na pale msibani alimwona bibi yake mwenyewe, Bibi Kasiana, akimwigiza marehemu mpaka wafiwa wakacheka. Basi naye akainama, akashika kifua, akakohoa kile kikohozi kirefu cha mama Optatus, chenye mluzi mwishoni.

Watoto wakacheka. Optatus aligeuka upesi, akatazama huku na huku. Kisha akaangusha fagio lake, akaondoka.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa yake. Leticia naye akaanza kukisikia kile kikohozi. Alikisikia bombani, akakisikia kanisani katikati ya wimbo, na kila alipogeuka hapakuwa na mtu. Aliogopa hata kukohoa mwenyewe. Siku ya tatu mwalimu akasema, "Optatus amekataa shule. Jumamosi mjomba wake anampeleka Namtumbo kulima tumbaku."

Leticia alikwenda nyumbani akilia, akamweleza bibi yake yote. Bibi Kasiana hakumgombeza. Alijitanda kanga, wakaenda wote kwa kina Optatus.

"Nisamehe," Leticia alimwambia Optatus. "Nilitaka ucheke. Najua umenikasirikia."

"Sikukasirika," Optatus alijibu akitazama chini. "Ulikohoa kama yeye hasa. Nilidhani amekuja. Nikageuka, hayupo. Sasa naogopa nikija shule nitamsikia tena."

"Hata mimi namsikia," Leticia alisema. "Kila siku."

Optatus akamtazama, halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mjomba wake, aliyekuwa amekaa kando, alimwacha alie mpaka akatosheka. "Basi, Namtumbo haihami," alisema. "Jumatatu nenda shule."

Njiani Bibi Kasiana akasema, "Mjukuu wangu, utani wa msiba una siku yake. Siku ile wafiwa walikuwa wengi, wameshikana. Shuleni mwenzako alikuwa peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ulipima moyo wake kwa moyo wako. Siku nyingine muulize kwanza."

"Na asipotaka kusema, Bibi?"

"Basi kaa naye kimya mpaka atakapotaka."

Jumatatu walikaa dawati moja kutwa nzima bila kusema neno. Kengele ya kutoka ilipolia, Optatus akamwambia, "Kesho uniwekee nafasi."