Kamba ya Ndarake

Jina langu ni Utibe. Nalitaja mapema kwa sababu kwetu hakuna anayelitaja tena.

Jioni ile nilikwenda kwenye kibanda cha wanaume kuteremsha kinyago cha marehemu baba yetu, Udosen. Kilikaa darini juu ya moshi, mbali na macho ya wanawake, na msimu wa Ekpo, ngoma ya mizimu ya mababu, ulikuwa umewadia. Kaka yangu Ndarake alinipaka makaa na mafuta ya mawese mgongoni huku akinicheka.

"Mbavu zote nje! Mizimu itadhani tumeivalisha kuni."

"Wewe shika kamba vizuri. Maneno baadaye."

Ukivaa kinyago cheusi, mzimu unakupanda, unafukuza watu kwa panga. Ndugu yako anakuzuia kwa kamba ya kiunoni. Ngoma ikiisha, anakuita jina lako sikioni ndipo akuvue. Asipokuita, hutarudi. Ndiyo maana kamba hapewi mtu baki.

Nami nilimwamini Ndarake, jamani. Tumenyonya ziwa moja!

Nikakivaa. Ndani kulinuka moshi... na ugoro.

Ugoro wa Baba.

Ngoma zikalia. Nakumbuka vumbi, mayowe, milango ikibamizwa. Kisha nikajikuta nimepiga magoti kibandani, na nje mwanga haujaisha.

Hhh... hhh...

Mtu alikuwa anapumua ndani ya kinyago. Si mimi.

Ndarake akainama sikioni mwangu.

"Udosen," akanong'ona.

Nikatikisa kichwa. Niite mimi! Mimi!

"Baba... Udosen... rudi nyumbani."

Akanivua. Kinyago kikatoka kirahisi, kitupu.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema. "Tangu tumzike, Mama hali chakula. Angemfuata."

Msaliti! Nilitaka kumrarua. Mikono ikakataa. Ikampapasa kichwa taratibu, kama alivyokuwa akifanya Baba.

Miguu ikanipeleka nyumbani. Mama atanijua, nilijiambia. Mama amsahau mwanawe? Haiwezekani. Nikasimama mlangoni mwa jiko. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika. Akanusa. Kisha akanitazama machoni, akanitazama sana, na nikajua ameniona. Ameniona mimi, humu ndani.

"Mama..."

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kizee.

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa anatabasamu, machozi yanamchuruzika.

"Shhh," akanong'ona. "Usinitajie mtoto sasa hivi. Kaa, mume wangu. Ule."

Akavuta kiti cha Baba. Akapakua mchuzi wa majani ya afang, akaketi karibu yangu. Na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Mama akamega tonge lake, akala.