Aoko Si Mvivu

Kila asubuhi ya likizo, kabla jua halijapata nguvu, watoto wa wafanyakazi wa shamba moja la kahawa karibu na Ruiru waliingia katika mfereji wa kuoshea buni. Walikunja nguo zao magotini, wakasimama ndani ya maji baridi na kusukuma buni kwa mbao huku wakitaniana. Mwezi wa Julai, mwaka wa 1957, baridi ilikuwa kali ajabu.

"Baba, mifupa inaniuma," alisema Aoko, msichana wa miaka kumi na miwili.

Opiyo, baba yake, ndiye aliyekuwa nyapara pale mferejini. Hakutaka mtu aseme anamdekeza bintiye.

"Jana mikono, leo miguu. Kesho itakuwa nywele? Ingia! Maji baridi yatakukaza."

Watoto wakaangua kicheko. Aoko aliingia kwa hasira. Angekuwa na kidonda, angewaonyesha. Lakini maumivu yake yalijificha ndani kabisa, na watu wa kambini, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, walikuwa wamekwisha kumwita Mvivu. Hata shuleni Mwalimu Bedan alimwadhibu kwa kukataa kukimbia uwanjani. Aoko alichoka kujieleza kwa watu wasiotaka kusikia.

Punde maumivu yakamzidi, akaanguka majini. Alipiga mayowe hata kicheko kikakatika. Mama yake alikuja mbio, akambeba mgongoni na kumkabili mumewe.

"Baba Aoko, mtoto nampeleka hospitali Thika. Ukitaka, baki na maji yako!"

Opiyo aliwafuata, wakapanda lori la shamba.

Hospitalini, Daktari Wamalwa alimfunika Aoko blanketi, akampa dawa ya maumivu na maji mengi ya kunywa, kisha akaitazama damu yake kwa hadubini.

"Chembe za damu yake hujipinda kama mundu," aliwaeleza wazazi. "Huziba mishipa midogo, ndipo mikono na miguu huuma. Baridi huzidisha. Je, kuna mwingine katika ukoo aliyeumwa hivi?"

"Hakuna," Opiyo alijibu haraka.

"Kwetu yupo," mama alisema. "Ndugu yangu alilia miguu tangu utotoni, akafa angali mdogo."

Opiyo aliinamisha kichwa. "Hata kwetu," alisema kwa shida. "Pacha wangu, Adongo. Wazee walisema amerogwa. Alipokufa tukakatazwa kumtaja."

Aoko aliinuka kitandani. "Baba, ulijua?"

"Nilijua, nyathina, mwanangu. Ulipoanza kulia niliogopa. Nikadhani nikikukaza, hutakuwa kama yeye."

Aoko aligeukia ukutani akalia kwa uchungu. Hakuweza kumsamehe siku hiyo, na baba yake hakumwomba.

"Huu ni ugonjwa wa kurithi," daktari alisema. "Ninyi wawili mmeubeba bila kuumwa, naye ameupata kutoka kwenu nyote. Si uchawi, wala si kosa la mtu. Hatuna dawa ya kuuondoa, lakini mkimkinga na baridi na malaria, akanywa maji ya kutosha na kupumzika, maumivu yatapungua."

Waliporudi, Opiyo alimpa Aoko kazi ya kuchambua buni kavu juani, akaenda mwenyewe kumweleza Mwalimu Bedan. Lakini asubuhi iliyofuata, mtoto mmoja aliita kutoka mferejini, "Mvivu amepata kazi ya kukaa!"

Opiyo alisimamisha kazi yote.

"Huyu ni mgonjwa, si mvivu," alisema. "Dada yangu Adongo aliumwa hivyo hivyo hadi akafa, na hakuna aliyemsikiliza. Mtu akisema anaumwa nawe huoni kidonda, usimcheke. Muulize anaumwa wapi, kisha mpeleke hospitali. Mimi sikuuliza, na aliyeumia ni mtoto wangu."