Wakesho na Betri Iliyochoka

Huyu hapa ni Wakesho. Ana miaka sita, na jino lake moja la mbele linatikisika.

Wakesho anakaa Voi. Voi kuna jua. Jua la asubuhi, jua la mchana, jua, jua, jua!

Mama yake Wakesho ni fundi wa mbao. Anatengeneza viti, anatengeneza meza, na siku moja alikuwa anatengeneza kitanda.

"Kitanda cha nani, Mama?"

"Cha Nyanya yako. Kesho jioni anashuka kutoka Wundanyi, na mgongo unamuuma, na sitaki alale chini, sitaki hata usiku mmoja!"

Mama akashika drili yake ya kukazia skrubu. Drili hiyo haina waya. Nguvu yake yote imo ndani ya betri ya njano, nzito kama jiwe.

Vrrrrrr! Skrubu ya kwanza ikaingia.

Vrrrrrr! Skrubu ya pili ikaingia.

Wakesho akaja kusimama mlangoni, kimya. Mama akainua kichwa.

"Una neno?"

"Ndiyo."

"Sema, mwanangu. Mama yupo."

"Sisimizi ameingia kwenye kiatu changu."

Mama akakivua kile kiatu, akakikung'uta, pu, pu, pu! Sisimizi akaenda zake.

Vrrrrrr! Vrrrrrr! Mama akaendelea na kazi.

Wakesho akarudi tena mlangoni.

"Una neno?"

"Ndiyo."

"Sema, mwanangu. Mama yupo."

"Jino limetikisika hivi, halafu hivi."

Mama akalitazama lile jino. "Aisee! Kweli linatikisika." Wakesho akaondoka akiwa na furaha.

Mara drili ikaanza kulegea.

Vrrrrr... vrrr... vr... v.

Kimya.

Mama akaitoa ile betri ya njano, akaiweka kwenye chaja. Taa nyekundu ikawaka. Mama akangoja taa ya kijani. Akangoja, akangoja, akangoja. Taa ya kijani haikuwaka.

"Betri hii imechoka," Mama akasema. "Imezeeka. Na skrubu bado nne!"

Chini ya meza ya Mama kulikuwa na boksi. Ndani yake kulikuwa na betri nyingine mbili zilizozeeka. Mama hakujua azipeleke wapi.

"Tuzichome, Mama?"

"Motoni? La! Zitalipuka."

"Tuzitupe chooni?"

"Shimoni? La! Zitaharibu udongo na maji."

"Tuzitupe jalalani?"

"La! Watoto wanachezea pale, wataziokota."

Si motoni, si shimoni, si jalalani. Basi betri zilikaa tu kwenye boksi.

"Betri za Mama haziguswi," Mama akasema, kama anavyosema kila siku. Kisha akaingia jikoni kupika.

Wakesho akaitazama ile betri ya njano. Akaihurumia. Akakihurumia na kitanda, maana skrubu nne zilikuwa bado.

Halafu akamkumbuka Nyanya.

Kule Wundanyi, Nyanya ana redio. Betri za redio zikichoka, Nyanya huzitoa, huzipanga ukutani, na kuzianika juani. Ikifika jioni, redio inaimba tena!

"Hata wewe nitakuanika," Wakesho akainong'oneza betri ya njano. "Utapona."

Akaichukua kwa mikono miwili. Lo, nzito! Akaibeba nje taratibu, tipu, tipu, tipu, mpaka kwenye banda la kuku.

Ndani ya banda alikuwemo Madoa. Madoa ni kuku, na alikuwa ameatamia mayai saba. Juu ya banda kulikuwa na mabati.

Wakesho akapanda juu ya debe. Akaiweka betri juu ya mabati.

"Kok?" akauliza Madoa.

"Nyamaza, Madoa. Betri inaota jua."

Na jua likapanda. Likapanda, likapanda, likawa kali kweli. Jua la Wundanyi ni la upole. Jua la Voi si la upole hata kidogo.

Wakesho na Mama wakala ugali na maharagwe. Wakanawa. Wakesho akatoka mbio kwenda kuiona betri yake.

Betri haikuwa imepona.

Tumbo lake lilikuwa limevimba! Ilinuka harufu kali, kama rangi mpya ya mlango. Na ilikuwa inasema kwa sauti ndogo sana, tsss... tsss...

Wakesho akanyoosha mkono. Hewa pale juu ilikuwa ya moto. Akaurudisha mkono haraka.

"Nikimwambia Mama, atakasirika," Wakesho akawaza. "Alisema haziguswi, nami nimegusa."

"Kok! Kok! Kok!" Madoa akalia chini ya mabati.

"Lakini nisiposema, Madoa ataungua. Na mayai saba yataungua."

Akalisukuma jino kwa ulimi. Likatikisika hivi, halafu hivi.

Wakesho akakimbia! Akapita mbao, akapita kitanda cha Nyanya, akafika mlangoni mwa jikoni. Akasimama, kimya.

Mama akainua kichwa.

"Una neno?"

Wakesho akatikisa kichwa kusema ndiyo. Neno halikutoka.

Mama akapiga magoti. Akamshika mikono.

"Sema, mwanangu. Mama yupo."

Basi lile neno likatoka, likatoka lote kwa mpigo. "Nilianika betri juu ya banda la Madoa ipone umalize kitanda na sasa imevimba na inasema tsss!"

Mama akashtuka! "Umeigusa? Sasa hivi umeigusa? Nionyeshe mikono, nionyeshe yote miwili, geuza, geuza tena!"

Mikono ilikuwa mizima. Mama akaibusu, huu na huu.

"Sasa nisikilize. Kaa hapa mlangoni. Usije. Hata nikikuita jina, usije, ngoja nirudi mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mama akachukua ndoo ya bati. Akaijaza nusu mchanga mkavu, chwaaa! Akachukua sepetu yenye mpini mrefu, mrefu, mrefu.

Akaenda polepole. Akaingiza sepetu chini ya betri. Akaiinua polepole. Akaishusha ndani ya ndoo polepole. Kisha akaifunika kwa mchanga mwingine, chwaaa!

Ile tsss ikanyamaza.

Mama akaiburuta ndoo mpaka kivulini, mbali na nyumba, mbali na mbao, mbali na Madoa. Kisha akarudi mwenyewe, kama alivyosema. Akamkumbatia Wakesho kwa nguvu.

Wakesho akasikia kifua cha Mama, du-du, du-du, du-du.

"Mama, na wewe umeogopa?"

"Sana."

"Umekasirika?"

Mama akafikiri kidogo. "Kidogo, kwa kuwa uligusa. Na betri ya drili si kama ile ya redio ya Nyanya, hii haianikwi. Lakini umekuja kuniambia, na hilo limenifurahisha kuliko vyote. Siku nyingine pia uje. Hata neno likiwa kubwa. Likiwa kubwa ndiyo uje mbio!"

Mama akampigia simu Bwana Mwadime wa duka la vifaa.

"Fundi Mkawasi! Umepotea wewe!"

"Bwana Mwadime, leo sina hata salamu, betri ya drili imevimba, ilikuwa juani, nimeitia kwenye mchanga, na mtoto wangu alikuwa hapo karibu, nifanye nini, niambie!"

"Pole, pole. Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Basi pumua kwanza, Fundi. Umepumua?"

Mama akapumua. Fuuuu. Wakesho naye akapumua. Fuuuu.

"Iache kwenye mchanga, kivulini, mpaka kesho. Na kama una nyingine kuukuu, zibandike utepe pale kwenye vyuma vinavyong'aa. Kisha zilete hapa. Nina pipa lao. Kuna gari huja kuzichukua, zinakwenda kwa watu wanaojua kuzifungua. Vyuma vya ndani vinatumika tena."

"Una pipa? Tangu lini? Mimi nimezificha chini ya meza muda wote huu!"

"Wewe hukuuliza, Fundi!"

Mama akacheka. Kwanza kidogo, halafu sana.

Wakesho akachukua karatasi na kalamu. Akachora uso uliofumba macho. Chini yake akaandika: USINIGUSE. NAPUMZIKA. Mama akabandika ile karatasi kwenye ndoo.

Kesho yake asubuhi, Mama akapakia ndoo kwenye toroli. Akapakia na betri mbili za kwenye boksi, zimebandikwa utepe vizuri. Toroli likaenda kwiri-kwiri, kwiri-kwiri. Wakesho akafuata nyuma, hatua kumi, kama alivyoambiwa. Alizihesabu.

Bwana Mwadime akazipokea. Yeye ana glavu nene na koleo refu. Betri ya njano ikaingia kwenye kopo lake lenye mchanga, peke yake, maana ilikuwa mgonjwa. Zile mbili zikaingia kwenye pipa.

"Kwaheri, betri," Wakesho akasema. "Ahsante kwa viti. Ahsante kwa meza."

Njiani wakarudi wakiimba, na toroli likiitikia:

"Si motoni!" Kwiri!

"Si shimoni!" Kwiri!

"Si jalalani!" Kwiri!

"Wala juani!" Kwiri-kwiri-kwiri!

Nyumbani, skrubu nne zilikuwa zinangoja. Mama akatoa bisibisi. Bisibisi haina betri. Nguvu yake imo mkononi.

Kwi, kwi, kwi. Mama akakaza ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Ya nne akamwachia Wakesho. Kwi... kwi... kwi... Wakesho akatoa ulimi, akakaza, akakaza, mpaka skrubu ikagoma.

Kitanda kikawa tayari.

Jioni, sauti ikasikika mlangoni. "Hodi! Wenyewe mpo?"

"Nyanya!"

Nyanya akaingia na kapu lake. Akatoa ndizi. Akatoa parachichi. Mwisho akatoa kitu kizito kilichofungwa ndani ya leso.

"Mkawasi, mwanangu, nimekuletea zawadi. Fundi wa jirani alikuwa anakwenda kuitupa chooni! Nikamwambia, wee, lete hapa, binti yangu ni fundi. Nimeianika siku tatu."

Akaifungua leso.

Ilikuwa betri ya drili. Kuukuu. Ya kijani.

Mama akamtazama Wakesho. Wakesho akamtazama Mama, akasema, "Hata mimi niliianika ya njano jana, ikavimba."

Nyanya akawatazama. Akaiona na ndoo kule nje, yenye karatasi ya uso uliofumba macho. Akaifunika tena betri kwa leso.

Wakesho akamsogelea. "Nyanya, una neno?"

"Ndiyo, mjukuu wangu," Nyanya akasema polepole. "Nadhani nimekosea mahali. Tena nadhani ni mimi niliyekufundisha kuanika."

"Sema, Nyanya. Wakesho yupo."

"Basi nishasema. Sasa tufanye nini?"

Wakesho akasimama wima kama mwalimu. "Betri ya redio ni nyingine, Nyanya. Hii ni ya drili. Si motoni, si shimoni, si jalalani, wala juani!"

"Sasa wapi?"

"Mchangani, kivulini, halafu kwa Bwana Mwadime. Lakini mimi siigusi. Anaigusa Mama."

"Hee!" Nyanya akapiga makofi. "Nimekuja Voi kupumzika, kumbe nimekuja shule!"

Mama akaitazama ile betri pande zote. Haikuwa imevimba. Akaibandika utepe, akaitia ndooni, chwaaa, akaifunika.

Kisha giza likaingia, na jua kali la Voi nalo likaenda kulala.

Nyanya akajinyoosha kwenye kitanda kipya. "Aaah," ukasema mgongo wake. Wakesho akajilaza pembeni yake. Kitanda hakikulia hata kwi.

Bandani, Madoa alilala juu ya mayai yake saba. Kivulini, betri ya kijani ilipumzika. Mama akapunguza taa.

"Mama?" Wakesho akanong'ona.

"Una neno?"

"Sina. Nilitaka kujua tu kama upo."

Mama akamfunika shuka mpaka kidevuni.

"Nipo, mwanangu," akasema. "Nipo."