Sahani ya Mama Yawekwa Mlangoni

Kila jioni Marie-Jeanne, muuguzi wa kituo cha afya, alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yake ya Mulekera, mjini Beni, mashariki mwa Kongo. Alinawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni, kisha akala bugali na sombe ya majani ya muhogo pamoja na binti yake Keren katika sahani moja. Hapo ndipo walipopeana habari: nani kajifungua mapacha, mwalimu gani kakasirika.

Kisha wauguzi wenzake wawili wakahamia Butembo kwa sababu ya usalama, na kazi zao zote zikamwangukia Marie-Jeanne. Akaanza kurudi kimya. Kichwa kilimuuma, usingizi haukuja, chakula hakikushuka. Keren akileta habari za shule, aliambiwa, "Niache kwanza." Siku moja Keren aliingia sebuleni, mama akasema bila kuinua macho, kama anavyoita wagonjwa kituoni, "Anayefuata!" Wala hakuwa akitania.

Keren alikuwa na miaka kumi na miwili, na kama watoto wote wa Beni, alizijua dalili za Ebola. Kichwa, uchovu, kutokula: basi, akajifanya daktari! Kwamba mama hakuwa na homa, hilo hakulifikiria. Alikuwa ameshaogopa. Jioni ile alipakua sahani mbili, akaiweka ya mama chini, karibu na ndoo.

"Hii ya nani?" mama aliuliza.

"Ya wewe, mama. Kula pale."

"Unaniogopa, mutoto wangu?"

Keren alirudi nyuma hatua moja. Mama aliitazama ile sahani, akaketi, akalia kwa sauti. Keren aliona aibu na uchungu mwingi, lakini hakumsogelea.

Asubuhi alimfuata mama mpaka kituoni, akamweleza yote Papa Edmond, mkuu wa kituo. Edmond alimpima Marie-Jeanne joto na damu. Majibu yalipotoka, hapakuwa na Ebola wala malaria.

"Mama Keren, ulipumuzika lini?"

"Nitapumuzika namna gani? Batu banajaa pale inje! Mimi si muvivu, Papa Edmond."

"Nani amesema uvivu? Bon, kosa ni yangu. Niliona unachoka, lakini nikakuongezea kazi."

Kisha akamgeukia Keren.

"Sikia, mutoto. Kazi inaweza kuchosha mutu mpaka hata kulala hakumusaidie tena. Anakasirika ovyo, anakosa nguvu hata ya kufurahia batu anaopenda. Akili nayo inaumia, sawa vile mwili unaumia, na inatunzwa. Haiambukize. Mutu wa vile hapana kumutenga. Tunamupunguzia kazi, tunamusikiliza."

Edmond aliomba muuguzi mwingine kutoka Mangina, akampa Marie-Jeanne likizo. Mama alimwacha Keren kwa jirani, akaenda Butembo kwa dada yake Bénie, huko Kimemi, na kila juma alizungumza na mshauri wa afya ya akili. Hakupona mara moja. Hata aliporudi Beni alichoka upesi, na Edmond hakumrudishia zamu zote.

Jioni ya kurudi kwake, alinawa mikono mlangoni, akatazama chini karibu na ndoo. Hapakuwa na kitu. Keren alikuwa ameketi mezani, mbele yake sahani moja.

"Unisamehe, mama. Kuya tukule."

Mama aliketi, akamega tonge, akalichovya kwenye sombe.

"Haya, niambie," alisema. "Mwalimu gani amekasirika leo?"