Sukari ya Mbeke

Jumamosi sokoni Kitengela, usipokanyagwa utakanyaga. Vumbi la barabara ya Namanga, moshi wa mahindi ya kuchoma, na wauza mitumba wakipayuka wote kwa mpigo. Katika vurugu hiyo Kasyoki alisimama mbele ya rundo la sweta, bado amevaa koti jeupe la agrovet alikouza dawa za mifugo, mkononi ameshika sweta ya manjano.

"Hiyo rudisha, mrembo," mwenye rundo akamwambia. Alikuwa kijana mrefu, kofia kaigeuza nyuma, shati la maua limepigwa pasi utadhani anaenda harusini.

"Kwani hutaki kuuza?"

"Nataka sana. Lakini hiyo umeishika kama mtoto wa wenyewe. Wewe mwenyewe unapenda rangi gani?"

Jamani, swali la mtoto wa chekechea! Kasyoki akaitazama sweta mkononi. Manjano alichaguliwa tangu utotoni, na hajawahi kujiuliza kama anaipenda. Akaitafuta rangi yake kichwani asiione, na machozi yakamtoka palepale mbele ya watu.

"Woi! Aki pole, nilikuwa nakuchokoza tu," kijana akasema, akiruka rundo lake. "Mimi naitwa Kimani. Kuja nikununulie chai, hawa watu wananiangalia kama mwizi."

Kibandani Kasyoki alicheka mpaka akasahau kwamba alikuwa amelia. Kimani alikuwa na mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa mtamu. Lakini alipomwona msichana akitia sukari kijiko juu ya kijiko, kisha akinywa kwa kukunja uso, alishangaa.

"Mbona unakunywa kama dawa ya minyoo?"

"Ndio nimezoea."

"Sijakuuliza umezoea nini," Kimani akasema, na Kasyoki akageuza mazungumzo.

Hapa hakuna haja ya kuzunguka: wakapendana, soko zima likajua. Kila jioni ni simu. "Umekula, sweety?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Wewe nawe! Kwani umekuwa daktari?" Lakini kuna siku simu ililia mpaka ikachoka. Siku hizo Kasyoki alilala na viatu, pazia limefungwa, mwili mzito kama gunia la simiti, hata kuinuka anywe maji ni kazi. Kesho yake alisema ilikuwa homa. Kimani alimletea machungwa, akaamini.

Haikuwa homa. Mama yake Kasyoki, Wayua, aliwahi kuwa na binti aliyeitwa Mbeke, na Mbeke alifariki akiwa na miaka minane. Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto mwingine. Nyanya akamtazama, akasema huyu amerudi, na ndiyo sababu wakamwita Kasyoki, jina ambalo Wakamba humpa aliyerudi. Wako wengi wenye jina hilo na wanaishi vizuri tu. Lakini Wayua, kwa uchungu wake, alilishika jina kwa mikono miwili. Mtoto akavishwa manjano kwa kuwa Mbeke alipenda manjano. Akapelekwa kwaya kwa kuwa Mbeke aliimba, naye sauti hana. Akawekewa sukari tele kwa kuwa Mbeke alipenda chai tamu. Akifanya vizuri, mama alimwita "Mbeke wangu". Akivunja kikombe, hapo ndipo alipoitwa Kasyoki. Alipotimiza miaka tisa hakukuwa tena na Mbeke wa kufuata, na giza likaanza kumwingia.

Hayo hakumwambia Kimani. Angeanzia wapi? Unamwambiaje mtu anayekupenda kwamba hujui anampenda nani?

Jumapili moja Kimani akampigia, anacheka tu. "Babe, kuna mtu hapa anataka kukusalimia. Usiogope."

"Kasyoki, ni wewe?" Ilikuwa sauti ya Wanjira, mama yake Kimani, imejaa furaha. "Huyu baba ameniambia anataka kukuoa. Mungu akubariki, mwanangu. Wewe ndiye utanizaa!"

Kwa Wakikuyu hiyo ni baraka kubwa. Binti wa kwanza huchukua jina la mama ya mume, na nyanya hujiona amezaliwa upya. Kimani mwenyewe alipewa jina la baba ya Wanjira, na mpaka leo mama yake humwita "baba", naye hutabasamu. Maskini, alidhani anampa mpenzi wake zawadi.

"Asante, mama," Kasyoki akajibu, akakata simu. Akakaa kitandani. Nilizaliwa ili mtu arudi, akawaza, na sasa nizae ili mtu mwingine arudi. Mimi nitakuja lini? Akazima simu, akapanda gari la Kajiado, kwa wazazi wake. Akaingia chumba chake cha utotoni, ukutani ipo picha ya Mbeke na gauni lake la manjano, akajifunika blanketi asitoke.

Kimani alipiga, akapiga. Akatuma ujumbe: "Nimekukosea nini?" Kisha: "Ni sababu mimi ni Mkikuyu? Kama kwenu wamekataa, sema." Kisha: "Mama ananiuliza, sina la kumwambia." Mwishowe: "Sawa. Nimekubali." Hakuna aliyeusoma.

Muteti, baba yake Kasyoki, mchonga mawe wa maneno machache, ndiye aliyembeba binti yake hadi hospitali. Daktari akasema ni depression, yaani sonona, ugonjwa kama ugonjwa mwingine, si kiburi wala laana. Akampa dawa, akampangia siku za kuja kuzungumza.

"Ni maombi tu anahitaji," Wayua akasema walipofika nyumbani. "Mbeke hakuwa hivi."

"Wayua!" Muteti akafoka. "Nyamaza leo. Tafadhali."

Kisha akaichukua simu ya binti yake, akaiweka chaji, akaiwasha, akaona jina lililojirudia. Akapiga. "Mimi ni baba yake," akasema. "Hajakukataa. Ni mgonjwa. Kuja."

Kimani akafika Kajiado bila kofia, shati limekunjamana. Akina mama wauza maziwa stendi aliwaamkia kwa Kimaasai, "supa", wakamwelekeza kwa Muteti. Akaingia chumbani, akakaa chini sakafuni kando ya kitanda.

"Umekonda, mrembo."

"Usiniite mrembo. Hata sijaoga."

"Basi nikuite nani?"

Hapo ndipo Kasyoki alipovunjika. Akamweleza yote, picha, manjano, kwaya, sukari, kwa sauti ndogo ambayo ilibidi Kimani ainame aisikie. "Hata hapa kitandani sijui nani amelala," akamaliza.

Kimani akashika kichwa. "Na mimi nikakuletea mama yangu umzae. Ngai! Nilidhani ni kitu kizuri."

"Kwenu ni kizuri, Kim. Ni mimi sina nafasi imebaki."

"Basi hatutamwita Wanjira."

"Mama yako atalia."

"Atalia. Na mimi nitalia, nisikudanganye. Lakini nilitaka kukuoa wewe, na bado nataka."

"Usinioe sasa. Utaoa nani? Ngoja nimjue kwanza. Na nikimjua, ukikosa kumpenda?"

Kimani akafikiri. "Yule aliyelia sokoni juu ya sweta alikuwa nani?"

Kasyoki akamgeukia. "Alikuwa mimi," akasema.

"Si basi tuanze na huyo. Huyo namjua, na nampenda."

Kasyoki alipogeuza kichwa akamwona mama yake mlangoni, trei ya chai mikononi. Alikuwa amesikia. Wayua akaitazama picha ukutani, akamtazama binti kitandani, akarudi tena kwenye picha.

"Yule alikufa," akasema, utadhani habari zimemfikia siku hiyo. "Mbeke wangu alikufa."

Kimani akawahi trei. Wayua akaketi miguuni pa kitanda akalia, kilio ambacho hakuwahi kukilia hata siku ya mazishi, analia anaomboleza kwa Kikamba, na Muteti akaja kusimama nje ya mlango, mkono mdomoni. Kasyoki hakuwa na nguvu za kumbembeleza. Alinyoosha tu mkono kutoka chini ya blanketi, akashika leso ya mama yake, wakakaa hivyo.

Baadaye sana Wayua akajifuta uso, akamimina chai. Mkono ukaenda kwenye sukari kwa mazoea, ukakwama hewani.

"Kasyoki," akaita, na hakuna kikombe kilichokuwa kimevunjika. "Wewe... wewe unakunywa na sukari?"

Binti wa miaka ishirini na sita, anaulizwa na mama aliyemzaa! Kasyoki alitaka kulia, machozi hayakutoka. Uzito ulikuwa palepale kifuani, na kesho huenda asiweze kutoka kitandani tena.

"Sijui, mama," akasema. "Nipe kwanza bila."

Wayua akampa. Kasyoki akaonja polepole, na wote wawili, mama yake na Kimani, wakamtazama usoni, wakingoja awaambie.